Nani kagundua nini?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu viini amilifu vya galaksi, vile vinavyong'aa kwa sababu shimo jeusi kubwa linameza gesi katikati yake. Makala inasema darubini ya eksirei iliona kiini ambacho darubini ya mwanga wa kawaida haikukiona. Niandike "imegundua", "imetambua" au "imebaini"?

JIBU: Ndugu mfasiri, kwa darubini andika "imenasa", kwa wanafalaki andika "wamebaini", na "kugundua" kaa nalo mbali mpaka lihitajike. Neno hili limenichosha. Polisi wamegundua bangi kwenye gunia waliloelekezwa na mtoa taarifa. Mkaguzi amegundua hasara iliyokwisha kuandikwa katika ripoti ya mwaka jana. Daktari amegundua malaria. Malaria igunduliwe mara ngapi?

Kugundua ni kukuta kitu ambacho hakikujulikana kuwa kipo. Pasipo sharti hilo, neno limepotea njia.

Chukua galaksi moja tu, Messier 77, ambayo pia huitwa NGC 1068. Mwaka 1780 Mfaransa Pierre Méchain aliiona, na kabla yake hakuna aliyeiandika. Huyo aligundua, nampa neno lake lote. Mwaka 1908 Edward Fath, akiwa katika kituo cha kutazamia nyota cha Lick huko California, alichambua mwanga wake kwa kuutawanya katika rangi zake, akakuta mistari angavu ambayo nyota za kawaida haziwezi kuitoa. Aliona. Mwaka 1943 Carl Seyfert aliiweka pamoja na galaksi nyingine chache zenye kiini king'avu na mistari iliyotanuka, ishara kwamba gesi ya humo inakwenda kasi mno. Alibaini, maana alitenga kundi kwa ushahidi. Ndipo mwaka 1985 Robert Antonucci na Joseph Miller wakapima ule mwanga wake uliodunda pembeni ya wingu zito la gesi na vumbi, wakakuta mistari mipana zaidi iliyokuwa imejificha nyuma ya wingu hilo. Walitambua, kama unavyomtambua mtu aliye nyuma ya mlango kwa kivuli chake sakafuni.

Na eksirei je? Hupenya vumbi linalozuia mwanga wa kawaida, ndiyo maana hufichua viini vingi ambavyo darubini ya kawaida huvipita. Ila wingu la Messier 77 ni zito hata eksirei nyingi humezwa, na zinazotufikia ni hasa zile zilizodunda. Mwaka 2014 darubini ya NuSTAR, iliyorushwa 2012, ilinasa ongezeko la eksirei zenye nishati kubwa, pengine kwa kuwa wingu lilipungua kidogo mbele ya kiini. Ilinasa! Ukiandika "NuSTAR yagundua kiini cha Messier 77" umewafuta Fath na Seyfert kwa kitenzi kimoja.

"Baini" ni ndugu wa "bayana", yote ya Kiarabu, yenye maana ya kuweka wazi. Yatosha.

Umewahi kumwona daktari akiinua picha ya eksirei dirishani, kidole kikifuata mfupa wa mkono polepole hadi penye ufa mwembamba kama unywele? Pale anatambua, kwa dalili alizofundishwa kuzisoma. Muuguzi aliye kando hatasema daktari amegundua mkono. Lakini magazeti yetu yangesema.

Barazani mtu akiniambia "nimegundua siku hizi hunywi chai", nanyamaza. Mazungumzo yana uhuru wake. Makala ya sayansi haina uhuru huo, kwa sababu msomaji anataka kujua nani alitangulia kujua nini. Sentensi yako iwe hivi: "Darubini ya eksirei imenasa mionzi ya kiini amilifu kilichofichwa na vumbi, kisichoonekana kwa darubini ya mwanga wa kawaida." Na ikiwa galaksi yenyewe haikuwa inajulikana na mtu yeyote, hapo andika "wamegundua", nami nitakuunga mkono.