Gunia la dagaa lilinifundisha kusema na watu

Nanunua dagaa wabichi Igombe, Mwanza, tunawaanika palepale ufukweni, wakikauka nawapeleka soko la Mwaloni, Kirumba. Siku moja binti anayenisaidia aliwamwaga mchangani kwa sababu vichanja vya kuanikia vilikuwa vimejaa. Nikamfokea mbele ya wavuvi na wateja. Akasema "samahani dada", akainama kuwazoa.

Wiki iliyofuata mvua ilitushtukiza. Dagaa waliolowa akawafungasha chini ya gunia, wakavu juu, asiniambie kitu. Mteja alipolifungua gunia Mwaloni, wa chini walikuwa wameshaota ukungu. Ule mzigo niliuuza kwa bei ya chakula cha kuku.

Niliumia sana, na si kwa hela tu. Angeanzaje kuniambia, wakati mara ya mwisho alipokosea nilimwaibisha mbele za watu? Mtu akikuogopa, kosa lake utalikuta sokoni.

Tangu hapo nachagua wakati wa kumwambia mtu kosa lake. Mvua ikikaribia nasema papo hapo, "leteni turubai", basi. Mengine nayaweka hadi mbalamwezi. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka sana wavuvi hupumzika, vichanja vinabaki vitupu. Hapo ndipo tunakaa kivulini, mimi na yeye tu.

Na nazungumzia dagaa, yeye simgusi. Nilichota kiganja cha wale wa mchangani, nikampa awapukute mwenyewe. Mchanga ukabaki mkononi mwake. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mteja akitafuna huu harudi tena. Vichanja vikijaa tufanyeje?" Akafikiri kidogo, akasema kuna nyavu chakavu kwa wavuvi, tukizikaza kwenye miti tunapata kichanja kingine. Siku zote hizo wazo analo, hajawahi kuulizwa! Tena ilibidi nikiri kwamba vichanja kutotosha lilikuwa kosa langu. Kama hukumpa mtu vifaa, anza na hilo kabla hujamgusia lake.

Kuhusu kusifia: sifia, ila liwe jambo la kweli na ulitaje. "Unafanya vizuri" haimsaidii mtu. Nilimwambia, "Unavyowageuza mapema hawagandi kwenye wavu, endelea hivyohivyo," na kesho yake nikaona anamwelekeza mwenzake.

Halafu rudi ukaangalie. Mimi nilikuwa nasema nikaondoka, nikirudi ni kwa kosa jingine tu, kwa hiyo wakiniona natokea mioyo inawadunda. Siku hizi napita hata kama hakuna tatizo, nashika dagaa, nasema nilichokiona.

Juzi nilikuwa Mwaloni, simu ikaita. "Shikamoo dada. Gunia la tatu halijakauka vizuri, nimelitenga pembeni."

Nikamjibu, "Marahaba, asante kwa kuniambia. Lifungue, nakuja tulianike upya."