Sainasi inarudi kila nikimaliza dozi, hao bakteria wamejificha wapi?

Swali: Shikamoo dokta. Mwaka wa pili huu nasumbuliwa na sainasi, kila nikienda napewa antibayotiki, napata nafuu wiki mbili tatu halafu pua inaziba tena, makamasi yanashuka kooni, harufu sisikii. Jirani anasema ni fangasi. Ni nini hasa?

Jibu: Marahaba dada. Kwanza ujue hata mtu asiyeumwa chochote, ukimpima ndani ya sainasi zenyewe, yaani yale matundu ya mifupa ya uso yanayozunguka pua, bakteria wapo na hawamsumbui. Sainasi sugu, yaani iliyopita wiki 12, sio mdudu mmoja kaingia tumuue yaishe, ni kwamba ngozi laini ya ndani imevimba, vitundu vya kutolea makamasi vimebana, yanatuama humo, na hapo ndo wakorofi kama Staphylococcus aureus wanapotawala. Huyu anajijengea utando, kama ule utelezi wa ndani ya ndoo isiyosuguliwa, dawa inaua walio nje na waliojifunika wanabaki, ndo hiyo nafuu yako ya wiki mbili. Tena anatoa sumu zinazochokoza kinga ya mwili kupita kiasi, hasa kwa wenye nyama za puani.

Fangasi jirani hajatunga, mwaka 1999 watafiti wa Mayo Clinic kule Marekani walimkuta kwenye makamasi ya karibu wagonjwa wote, watu wakachangamka kweli, ila hata wazima waliopimwa walikuwa naye! Na kuosha pua kwa dawa ya fangasi baadaye hakukuonyesha faida. Sainasi ya fangasi ya kweli ipo ila inahitaji siti skani, usijinunulie vidonge.

Kwa hiyo usimeze dozi nyingine kabla daktari wa masikio, pua na koo hajakuangalia kwa kamera, na usaha ukionekana uchukuliwe ukaoteshwe maabara. Muulize pia kuhusu spirei ya steroidi, ile dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe, hiyo ni ya kila siku kwa wiki kadhaa, wengi wanaiacha siku ya nne wanasema haifanyi kazi. Na osha pua kwa maji ya chumvi, yachemshwe kwanza yapoe, sio ya bomba moja kwa moja, Louisiana mwaka 2011 watu wawili walikufa kwa amiba aliyepanda kwenye ubongo kwa njia hiyo.

Halafu hujasema, ni pande zote au mmoja? Kama ni mmoja na makamasi yananuka, pitia kwa daktari wa meno, mizizi ya magego ya juu iko jirani kabisa na sainasi ya shavuni, na likiwa limeoza hilo gego lisipotibiwa utameza antibayotiki hadi uchoke.