Huyu mjusi anakula dagaa wangu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nyuma ya nyumba yetu huku Bugarika, Mwanza, kuna jiwe kubwa ninaloanikia dagaa. Kila siku anakuja mjusi mwenye kichwa cha waridi na mwili wa bluu, ananitikisia kichwa kwa dharau. Jirani anasema ana sumu, na kijana wangu ameshaandaa manati. Baba watoto naye anataka kulichoma jiwe kwa matairi tupate kokoto. Je, ndiye anayemaliza dagaa wangu?
Mama wa watoto watatu, Bugarika

JIBU: Marahaba, mama. Hana sumu. Ukimbana mkononi atang'ata, lakini hata mimi ukinibana nitang'ata. Na hicho kichwa hakutikisii wewe. Ni dume, anawaambia madume wenzake kwamba jiwe lina mwenyewe. Wale wa kahawia wanaomzunguka ni majike na watoto.

Nina jiwe kama hilo hapa Isamilo, na kwa miaka yote niliyokaa nalo na kikombe changu cha chai, sijamwona akigusa dagaa hata mmoja. Anafuata inzi. Mtazame saa nne, jua likishashika: analaza tumbo juu ya jiwe, anatulia kama mfu, mara anaruka na inzi hayupo. Asubuhi na mapema hutamtambua, maana amepauka kama jiwe lenyewe. Akipata joto ndipo kichwa kinawaka. Wataalamu wanamwita Agama mwanzae tangu 1923, kwa jina la mji wetu huu.

Kwenye jiwe ndipo penye neno. Mjusi huyu analala ndani ya ufa, na moto wa matairi unawashwa pale pale penye ufa, maana ndipo jiwe linapokubali kupasuka. Kilima cha jirani yangu kilipogeuka kokoto, mijusi walihamia kwenye ukuta wangu wa tofali. Paka aliwamaliza mmoja mmoja.

Sikwambii msiuze kokoto. Ada ya shule hailipwi kwa mijusi. Pondeni mawe madogo ya pembeni, hilo kubwa liacheni na ufa wake. Tena mkilivunja, dagaa utaanika wapi?

Kijana usimchape. Mimi nikiwa na umri wake nilimkata mmoja mkia kwa manati. Akaishi na kigutu, na kila akinisikia nakuja alizunguka upande wa pili wa jiwe.