"Usiogandamizika" au "isiyobanika"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika kwa Kiswahili muhtasari wa tasnifu yangu ya uhandisi. Inahusu kukokotoa kwa kompyuta mwendo wa hewa ambayo densiti yake (tungamo kwa kila ujazo) huhesabiwa kuwa haibadiliki. Je, "mtiririko wa hewa isiyobanika" ni sahihi? Na majiranukta (namba zinazoonyesha mahali pa nukta) yanayopinda kufuata umbo la kitu, niyaite "majiranukta ya kawaida"?

JIBU: Marahaba. "Banika" liache, maana wengi watawaza samaki juu ya moto. Tumia "gandamizika", na usilichanganye na "gandamana", ambalo ni kushikamana.

Lakini kosa zito limo kwenye "isiyo". Kiambishi hicho kinafuata hewa, kwa hiyo umesema hewa haigandamiziki, na yeyote aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu atakukatalia. Andika "mtiririko wa hewa usiogandamizika". Hiyo "u" inarudi kwenye mtiririko, na ndiko sifa inakohusika: hewa inapokwenda chini ya takribani theluthi moja ya kasi ya sauti, densiti yake hubadilika kwa asilimia 5 hivi au pungufu, ndipo wahandisi wanapoyapuuza mabadiliko hayo. Nalipenda sana jambo hili. Ngeli zinazolalamikiwa madarasani hapa zinatenganisha tabia ya hewa na tabia ya mwendo wake, kwa kiambishi tu. Kwa maji, "yasiyogandamizika" haitakuletea ubishi mkubwa, kwani maji hugandamizika kidogo mno.

Angalia pia vitenzi vyako. Densiti isipobadilika, kanieneo (kani kwa kila eneo) haiwezi kukokotolewa kutokana nayo. Hutafutwa kwa sharti kwamba kinachoingia katika kila kijisanduku cha gridi (wavu unaoigawa nafasi inayokokotolewa) kilingane na kinachotoka. Watafiti Harlow na Welch, katika maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1965, waliweka kanieneo katikati ya kijisanduku na kasi kwenye kingo zake. Basi usiandike kwamba kanieneo "inagandamiza" hewa. Andika "inasawazisha mtiririko".

"Majiranukta ya kawaida" hapana: msomaji ataelewa yale ya mistari iliyonyooka inayokatana kwa pembe mraba, kinyume kabisa cha unachokusudia. "Ya jumla" ndiyo, ingawa linakumbusha bei za sokoni. Mara ya kwanza lifafanue: "majiranukta ya jumla, yaani yanayoweza kupinda kufuata umbo la bawa au kona ya bomba".