Siku moja ya ndege Mbeya: anzeni mjini, Kitulo mpande jua likishatoka

Dada mleta mada, nimekusoma vizuri. Unakuja Mbeya na mama yako mdogo, mwalimu mstaafu. Huko Dar alitembezwa na mwongozaji kutwa nzima, asubuhi kwenye mikoko na jioni kwenye bustani za mjini, na tangu siku hiyo hana habari na kitu kingine isipokuwa ndege. Unauliza kama huku nyanda za juu siku ya namna hiyo ipo, kama mwongozaji ana faida au ni kutupa hela, na kama goti la mama litahimili. Hapo juu wamekujibu "nendeni Ihefu", lile oevu la Usangu, wengine "nendeni Ruaha", hifadhini. Kwa siku moja mimi siwaungi mkono, na sababu nitazitoa.

Mikoko kwanza tuimalize: huku haipo. Mkoko ni mti wa maji ya chumvi, na Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kule pwani saa ya siku inashikwa na bahari. Maji yakipwa, ndege wa matopeni wanashuka kula. Yakijaa, wanapanda kupumzika, na mwongozaji asiyejua bamvua, yale maji makubwa ya bahari, ni lini atawafikisha mahali watu hawapo, namaanisha ndege. Huku saa inashikwa na ukungu, halafu mwinuko. Ukipanda kidogo tu unaachana na ndege hawa unakutana na wale, kwa hiyo siku yenu iwe ya kupanda: alfajiri mjini, saa nne muwe juu uwandani, Hifadhi ya Kitulo, kama mita 2,600.

Wengi hufanya kinyume. Wanaamka saa tisa usiku ili alfajiri iwakute Kitulo, maana wamesoma kwamba ndege ni asubuhi na mapema. Wakifika ukungu umelala juu ya nyasi, vioo vya darubini vimepata mvuke, vidole havisikii, na mgeni ameshaanza kuuliza chai iko wapi. Ndege mnaowafuata kule juu wengi ni wa uwanda wa wazi. Mbayuwayu anakula wadudu wanaoruka, na wadudu hawaruki kwenye baridi ile; mpaka jua lipashe nyasi. Ndege wa miti na bustani ndio wenye haraka. Wanaimba kuanzia saa kumi na mbili, na ikifika saa tatu wengi wameshanyamaza. Sasa kwa nini saa hizo za dhahabu uzitumie ndani ya gari?

Anzeni mitaa ya Forest na Uzunguni, kwenye zile nyumba za zamani zenye viwanja vikubwa, ua wa michongoma na miti mirefu. Hakuna tiketi wala lango. Ila salimieni watu, na msielekeze darubini kwenye dirisha la mtu, kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi mlinzi hana mzaha. Mtaona kuzumburu wakining'inia kwenye matunda na mikia yao mirefu, chozi wa rangi ya shaba kwenye maua, na mnana wa milimani, wa njano. Huyu mnana mwangalieni vizuri. Wanana wa pwani hujenga makumi kwa makumi kwenye mti mmoja na kelele zao hazivumiliki. Huyu wa kwetu kwa kawaida yuko na mwenzake tu, wana mti wao, wanajenga kimyakimya.

Mama akiuliza kunguru wako wapi, jibu lipo. Yule wa Dar mwenye shingo ya kijivu ni wa kuletwa. Alitoka India akaletwa Zanzibar miaka ya 1890, akasambaa. Huku tunao wenyeji wawili. Yule mwenye kifua cheupe mtamkuta hata kwenye majalala ya Mwanjelwa. Wa pili mtazame juu, upande wa mlima Loleza: mkubwa, mdomo mnene, baka jeupe nyuma ya shingo, anacheza na upepo kwenye majabali kana kwamba hana kazi nyingine.

Kuhusu mwongozaji, jibu langu ni ndiyo, lipieni, ila mjue mnalipia nini. Hamlipii macho, maana macho mnayo. Mnalipia masikio. Kuna asubuhi moja nilikuwa na wageni pale Forest, mwongozaji akatusimamisha kando ya ua wa mtu akasema fumbeni macho. Ukasikika mlio mmoja, kengele nzito halafu mluzi mkali, bila pengo katikati. Akauliza, ndege wangapi? Wageni wakasema mmoja. Akanyoosha mkono kushoto kwenye kichaka, kisha kulia kwenye mpera: tiva wawili, dume na jike, mmoja anaanza na mwenzake anamalizia. Ukikaa pale peke yako na kitabu chako, utatafuta ndege mmoja kwenye kichaka kimoja na utaondoka hujaona yeyote.

Namna ya kumjaribu kabla hujampa hela: muulize mwezi huo ndege gani wapo na gani wameondoka. Anayekujibu "wote wapo, mama, usijali", achana naye. Jambo la pili, muulize anatumia nini kuwaita. Niliwahi kupanda na mmoja, jina silitaji, ambaye kazi yake nzima ilikuwa kupiga sauti za ndege kwenye simu na spika ndogo. Ndege anakuja, kweli, na picha unapata. Lakini anakuja kwa sababu anadhani ameingiliwa na mpinzani. Anaacha kula, anaacha kiota, anazunguka spika yako akitafuta wa kupigana naye. Msimu wa kutaga hilo ni kumtesa tu. Tulimwambia azime, akanuna mpaka mchana.

Na msidharau kijana wa kijijini kwa sababu hana fulana yenye nembo. Mwaka 1991 watafiti walikuwa kambini kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Walikuwa wanakula mchuzi wa "kuku", na ndani ya sufuria wakaona miguu isiyofanana na ya kuku wala ya kwale yeyote wanayemjua. Hivyo ndivyo sayansi ilivyompata kwale wa Udzungwa, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia. Aliyemtega yule ndege alikuwa anamjua siku zote. Mwongozaji mzuri wa kule juu ni mtu wa namna hiyo, ambaye ameongezewa darubini.

Haya, saa mbili na nusu mnywe chai muondoke. Njia ni mbili. Mnaweza kupita Uyole, mkaifuata barabara ya Tukuyu hadi Isyonje, mkakata kushoto kuelekea Kikondo, kwenye mashamba ya viazi na pareto. Njia nyingine ni kwenda na barabara kuu mpaka Chimala, halafu mpande Matamba kwa ile barabara inayoitwa Hamsini na Saba kwa ajili ya kona zake. Mandhari ya Hamsini na Saba hayana mfano, unaona bonde la Usangu lote chini yako, lakini mtu mwenye kizunguzungu atajuta kuzaliwa. Kwa mama mdogo ningechagua Isyonje. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ulizeni hali ya njia kabla ya kuondoka, na gari dogo la chini muliache mjini. Malipo ya hifadhi fanyeni mapema kwa namba ya malipo au kadi. Langoni hawapokei fedha taslimu.

Kitulo ni hifadhi tangu 2005, na iliwekwa kwa ajili ya maua, ndiyo maana wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Kuanzia Desemba mpaka Aprili uwanda wote unachanua. Bahati nzuri ni msimu uleule wa ndege ambaye kwangu mimi peke yake anatosha kuwapandisha kule: mbayuwayu wa buluu. Anakuja kuzaliana kwenye nyasi za milimani, huku kwetu na nchi za kusini mwetu, mvua zinapoanza. Ikifika Aprili hivi anaondoka kwenda pande za Ziwa Viktoria. Duniani amebaki mchache, kwa sababu nyasi anazozitaka ndizo zinazolimwa viazi na kupandwa misonobari.

Mkiwa kule, teremkeni kwenye gari msimame tu. Msikimbilie kutembea. Kwa mbali ataonekana mweusi, anapita chini kabisa, karibu na ncha za nyasi, anapinda, anarudi njia ileile. Subirini ageuke upande wa jua. Mwili mzima unakuwa buluu ya chuma iliyong'arishwa, na dume ana nyuzi mbili ndefu za mkia. Halafu anapotea. Hajaenda mbali, ameingia ardhini. Kiota chake anakibandika kwa udongo na nyasi kwenye ukuta wa shimo, lile lililochimbwa na muhanga au lililotitia lenyewe. Mwongozaji niliyekuwa naye hapo, kijana wa Kikondo, alitandaza mikono kuzuia watu wasisogee hata hatua, tukawa tunaangalia kwa darubini tundu lililofunikwa na nyasi ambalo mimi ningelikanyaga bila kujua. Zikapita dakika kadhaa, akachomoka na kuendelea na doria yake. Mama mmoja katika kundi alisahau kabisa kwamba ana kamera shingoni.

Mwingine wa kumtafuta ni tandawala mkubwa, anayetembea taratibu kwenye nyasi fupi. Akisimama huwezi kumtofautisha na kisiki, kwa hiyo kagueni visiki vyote mara mbili. Wapo pia wadogo wa kahawia ambao wageni wengi huwapuuza: sistikola wa Njombe, ambaye yuko kwenye nyanda zetu hizi na kaskazini mwa Malawi, na chiriku wa Kipengere, ambaye ni wa Tanzania tu. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mnawataka hao pia, la sivyo atadhani mnataka wakubwa wenye rangi.

Ihefu nimeikataa kwa sababu moja: ni siku nyingine na gari jingine. Ile sehemu iliingizwa Ruaha mwaka 2008, ni oevu kubwa, ina korongo na ndege wa maji wa kila namna, na kwa mtu aliyependa mikoko ndiyo inayokaribia zaidi. Lakini kuichanganya na Kitulo kwa siku moja ni kushinda barabarani. Mkija tena na siku mbili za ziada, tuzungumze. Mkipita Mbarali mpunga ukiwa unaiva, mtakuta watu wanaamia ndege kutwa nzima kwa makopo na kelele, kwa sababu kwelea kwelea wakishuka shamba limekwisha. Mama mdogo asishangae mkulima akimtazama vibaya na darubini yake.

Goti sasa. Uwanda wa Kitulo una sehemu kubwa tambarare na gari linafika, kwa hiyo atasimama, atakaa kwenye kiti cha kukunja, na ndege watapita mbele yake. Ngosi, kwenye lile ziwa la kreta, msimpeleke. Ziwa ni zuri na msitu una ndege wa ajabu, lakini mwisho wa njia unapanda kwa mikono na miguu, na kushuka ndiko kunakoumiza goti. Mfungashieni sweta mbili na kofia ya kufunika masikio hata kama ni Januari, na chupa ya chai. Saa nane mchana muwe mmeanza kurudi, kwa sababu mvua ya kule hainyeshi kwa kubisha hodi, na njia ya Kikondo ikilowa giza likiingia mtalala kwa wenye viazi. Mumpe mama mdogo shikamoo yangu. Akitaka jina la yule kijana wa Kikondo, nitumie ujumbe pembeni, nimuulize kwanza yeye mwenyewe kama yuko tayari.