Muulize Fundi: Treni ya mtumba inatoa mvuke lakini haiendi

SWALI: Shikamoo Fundi. Niko Shangani hapa Mtwara. Mwezi uliopita kuna mgeni mmoja alikuwa anahama akawa anauza vitu vya ndani, mi nlifuata feni tu, nkakuta na kichwa cha treni cha kuchezea, kile cha mvuke wa kweli, kimeandikwa Mamod Made in England, nkakipenda nkalipa elfu sitini na mama watoto hadi leo haniongeleshi vizuri. Kina boila ya njano, silinda mbili pembeni zinacheza-cheza, na kasinia ka moto chini. Nliweka maji ya kisima, kwenye kasinia nkamwaga spiriti ya duka la dawa, nkawasha. Ikachemka fresh tu, afu mvuke ukaanza kutoka pembeni ya silinda shiiii, inatema maji machafu kama chai ya rangi, magurudumu yanazunguka mara mbili inakufa. Nikiinyanyua inazunguka kidogo, nikiiweka relini inagoma. Ile valvu ya juu haijawahi kutoa mvuke hata siku moja. Na spiriti ilimwagika ikaunguza mkeka. Watoto nimeshawaahidi, treni hawajawahi kuiona, reli yetu ya Nachingwea si ilishang'olewa zamani. Nifanyeje? – Baba Wawili

JIBU: Marahaba Baba Wawili, pole na mkeka, na pole na huko ndani. Kiberiti kwanza weka kabatini, maana karibu kila kitu unachonieleza kinapimwa treni ikiwa ya baridi, na watu wengi wanaonunua hizi za mtumba wanakosea hapohapo, wanawasha moto ili waone kama inafanya kazi.

Nianze na ile valvu ya juu, ya kuachia presha ikizidi, ndo imenishtua. Haijawahi kutoa mvuke, sababu ziko mbili: ama presha haijafika kwa vile mvuke wote unakimbilia kwenye silinda, ama imeganda. Utajuaje ni ipi? Hujui, kwa hiyo ichukulie imeganda. Ifungue, shika kale kaskrubu ka chini ukasukume taratibu kwa kidole, kanatakiwa kaende na springi ikarudishe kenyewe. Kakikwaa, usianze kukachokonoa na kukaza springi, nunua valvu mpya. Mamod ni ya Uingereza, ipo tangu 1937, na vichwa hivi vya treni walianza kuvitoa karibu na 1980, spea zake bado zinauzwa mtandaoni, tena valvu ni kitu kidogo cha kubebwa na mtu yeyote anayerudi safari.

Afu boila yenyewe. Ijaze maji hadi juu kabisa, isibaki hewa, ndo uisukumie presha kwa maji. Sisi tunatumia bomba la mgongoni la kupulizia dawa, liwe jipya halijawahi kuwekwa dawa ya mikorosho, unaunga na mpira na geji ukiziba tundu la valvu kwa nati. Hizi zinafanya kazi kwenye psi 15 hivi (psi ni kipimo cha presha, kama cha upepo wa tairi), we ipeleke 30 iache dakika kumi. Kwanini maji na sio upepo wa gereji? Maji hayabonyei, boila ikipasuka yanachuruzika tu basi, upepo ukipasua unarusha vipande. Sindano ya geji ikishuka na unaona tone kwenye maungio, hiyo boila haiwashwi tena mpaka ipate fundi anayejua kulehemu kwa fedha.

Sasa kugoma. Kabla ya lolote iweke relini bila moto uisukume kwa kidole. Inateleza? Kama inasita, kuna oili ya zamani imegeuka gundi kwenye eksele, na kwa chumvi ya hewa ya Shangani usishangae kukuta na kutu. Ipanguse kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, kausha, tone moja la oili ya cherehani kila eksele.

Silinda zako zile hazina valvu ndani, zenyewe kucheza-cheza ndo valvu. Mgongo wa silinda una tundu, ikiyumba upande mmoja tundu linakutana na mvuke unaoingia, ikiyumba upande wa pili linakutana na njia ya kutokea. Kinachozuia mvuke ni nyuso mbili za chuma zilizobanwa na springi, basi, hakuna washa hakuna oringi. Kwa hiyo ule mlio wako wa shiiii ni nyuso hizo hazikai vizuri. Fungua nati ya springi, toa silinda, utakuta imechorwa mikwaruzo kama sahani ya santuri. Chukua msasa namba 1200, uweke juu ya kioo cha dirisha kilicholala, tone la oili, sugua uso wa silinda kwa mtindo wa namba nane, usikandamize, mpaka rangi iwe moja kote. Osha sana, chembe moja ya msasa ikibaki umerudi ulikotoka. Rudisha springi, ibane hadi silinda isiwe na mchezo lakini ukiisukuma kwa kidole iyumbe yenyewe kiulaini. Ukiikaza sana ndo hiyo inazunguka hewani na kugoma relini. Ukimaliza toa lile bomba la kupulizia, unga pampu ya baiskeli, psi 10 inatosha, magurudumu yazunguke kwa upepo. Yakizunguka kwa upepo ndo uanze kufikiria moto.

Yale maji kama chai ni oili mbovu na mvuke uliogeuka maji kwa sababu silinda bado ya baridi. Siku ya kuwasha shika kwa kitambaa, isukume mbele nyuma mara kadhaa iteme maji yote, ndo uiachie. Oili ya ndani ya silinda usiweke ya pikipiki, ikikutana na mvuke inakuwa kama mtindi na inaoshwa yote. Gia oili nayo nyingi zina salfa inayokula shaba. Kuna oili nzito maalumu ya mvuke, agiza pamoja na valvu.

Kasinia kale ni ka vidonge vya moto, yaani mafuta magumu ya kuwasha, sio spiriti. Mwambie fundi bati akutengenezee katanki kenye mfuniko na tambi mbili tatu za pamba, zile za jiko la Mchina zinafaa. Washia kivulini maana mwali wa spiriti juani hauonekani, mtoto anaweza kuweka mkono. Na jirani asikushauri gongo, lina maji mengi.

La mwisho, moto uishe kabla ya maji. Maji yakiwepo boila haizidi nyuzi 120 hivi, yakiisha inapanda haraka, na lehemu ya risasi inaanza kuyeyuka kwenye 183. Mimi niliwahi kuiua ya shemeji yangu namna hiyo, nlienda kupokea simu, narudi bomba liko chini linakoroma.

SWALI: Fundi habari, mwanangu ana injini ndogo ya mvuke, boila ndani ina ukoko mweupe kama wa birika. Nitoe vipi, na naweza kutumia maji ya betri? – Mama Mapacha, Lindi

JIBU: Nzuri mama. Huo ni chokaa ya maji ya kisima. Kijiko cha chakula cha unga wa ndimu (ule wa duka la vitu vya keki) kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, mimina, nusu saa, tikisa, mwaga, suuza mara tatu nne. Usilaze usiku, shaba ya njano itageuka ya pinki na hapo asidi imeanza kula zinki, chuma kinabaki dhaifu. Baada ya hapo tumia maji ya mvua ya simtanki, ila uache mvua ya kwanza ioshe bati. Maji ya betri yanafaa, lakini angalia, dukani wanaita hivyohivyo vitu viwili: ya kuongezea, na asidi. Soma lebo, na kama lebo imebanduka usichukue.