Stenti "haijashika ukuta": OCT huona nini

Dadangu wa Shela, umeuliza vipi angiografia ya mzee ilikuwa safi, kisha OCT, picha ya ndani ya mshipa kwa mwanga, ikaonyesha stenti (kibomba cha wavu wa chuma kinachouweka mshipa wa moyo wazi) haijashika ukuta. Angiografia ni kivuli tu cha dawa ya rangi ndani ya mshipa. Mapengo madogo haiyaoni. OCT hutumia mwanga na hutofautisha vitu vya mikromita 10 hadi 20. Damu huuzuia mwanga huo, kwa hivyo husukumwa kando kwa dawa ya rangi huku lenzi ikivutwa nyuma kwa sekunde chache. Damu ikibaki, picha hujaa ukungu na kipimo hakiaminiki.

Kila uzi wa stenti huonekana kama nukta inayong'aa, nyuma yake kivuli. Hupimwa kutoka uso wa uzi hadi ukutani. Umbali ukizidi unene wa uzi pamoja na utando wake wa dawa, uzi haujashika. Pengo la chini ya milimita 0.4, lisilofika milimita 1 kwa urefu, kwa kawaida huachwa. Likizidi, hutanuliwa kwa puto gumu lenye kipimo cha mshipa wenyewe.

Ila muulizeni daktari zaidi kama stenti imetanuka: isipokuwa kwenye shina la kushoto (mshipa mkuu wa kushoto wa moyo), sehemu yake finyu kabisa inatakiwa izidi milimita mraba 4.5 kwa OCT. Stenti yaweza kushika ukuta na bado ikabanwa na chokaa iliyoganda ukutani mwa mshipa, na hiyo ndiyo huziba tena.

Figo zake kama ni dhaifu, IVUS, ya mawimbi ya sauti, haihitaji kusukuma damu kando kwa dawa ya rangi, ambayo huzilemea figo. Na vidonge vyake viwili vya kuzuia damu kuganda visimwishie kisiwani.